Baiskeli Nyeupe ya Isihaka

Soweto ya Mbeya ina mafundi baiskeli wengi, lakini baiskeli iliyowashinda wote mwishowe hupelekwa kwa Isihaka. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka sokoni, mabati matatu na benchi moja, na mwenyewe ni mtu mrefu, mkimya, ambaye goti lake la kushoto liligoma kukunjika sawasawa tangu alipoanguka Mlima Nyoka akiwa kijana. Enzi hizo alikuwa mkimbiza baiskeli. Waliomwona wanasema kwenye mteremko alikuwa wa kawaida tu, ila njia ikianza kupanda hukumwona tena.

Goti lilimtoa kwenye mashindano, lakini mapenzi ya baiskeli hayakumtoka. Kwenye simu yake alikuwa na kikundi cha watu kumi na wanane wa Mbeya na Iringa wenye ugonjwa kama wake. Kazi yao kubwa ilikuwa kutumiana picha za baiskeli ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzigusa: za Kitaliano zenye rangi utadhani zimechovywa kwenye maziwa, za Kijapani zilizoungwa kwa mkono na mzee mmoja peke yake, na moja ya titani ambayo Kartik, muuza vifaa vya ujenzi wa Iringa, alisema hata ukiizika miaka hamsini utaifukua inang'aa. Walibishana juu ya rimu na gia kama wenzao wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa Bwana Mansoor, mzee wa miaka sabini mwenye duka la spea pale Iringa, ambaye Isihaka alijifunzia kazi kwake.

Wenzake walikuwa wakiota tu. Isihaka alikuwa akijenga ya kwake.

Fremu aliiona kwenye mitumba, imefungwa pamoja na viti vya watoto. Muuzaji alidhani ni plastiki kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Isihaka akainyanyua kwa vidole viwili, moyo ukimwenda mbio, kwa sababu alijua ameshika kaboni, nyuzi zinazotengenezea baiskeli za bei ya juu. Magurudumu yalitoka kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa akiendesha kutoka Kairo hadi Rasi, ncha ya kusini ya Afrika. Malaria ikamlaza Mbeya wiki mbili, na alipopata nafuu akaamua kurudi kwao kwa ndege, baiskeli yake iliyopinda akamwachia fundi ambaye kila asubuhi alikuwa akimpelekea uji hospitalini. Usukani ulitoka kwa Mansoor. Vipuri vya gia viliagizwa kimoja kimoja kupitia kwa Kartik, na kila kimoja kilikaa mezani kwa Isihaka siku nzima kabla hajakifunga, akikigeuzageuza tu. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na mmoja. Rangi aliipaka mwenyewe, nyeupe tupu, bila maandishi.

Baiskeli ililala chumbani, kwenye stendi ya mbao, upande wa kitanda ambao mkewe Chiku alizoea kuweka sanduku lake la nguo. Sanduku likahamia uvunguni. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, na Chiku alikuwa amekwisha kuamua kwamba mume anayependa chuma si mume mbaya.

Mtoto waliyekuwa naye ni Naima. Alikuwa binti wa dada yake Isihaka, na alikuja kwao akiwa na miaka tisa, siku tatu baada ya kumzika mama yake. Hakulia wala hakula. Isihaka, asiyejua mtoto wa namna hiyo anasemeshwaje, alimpandisha kwenye baiskeli moja ya mteja, akaishika siti kwa nyuma, akamsukuma uani kuzunguka kisima mpaka jua likageuka. Jioni ile Naima aliomba chakula. Tangu hapo hapakuwa na maneno mengi kati yao, ila kwa kila kilichohusu magurudumu walikuwa wakielewana bila kusema.

Alipomaliza kidato cha nne alianza kusambaza mayai. Alikuwa na baiskeli ya chuma yenye gia sita, mbili hazishiki, na kila asubuhi alifunga trei nyuma, akapanda nazo Isyesye, akashuka Mwanjelwa, akapanda tena Forest, na mayai yakafika mazima. Siku moja Mwalimu Edmund wa Uyole, aliyekuwa akiongoza klabu ndogo ya waendeshaji, alikuwa na vijana wake kwenye mlima wa barabara ya Chunya. Wote walikuwa wamevaa nguo za kubana na kofia ngumu, na wote walikuwa wakihema. Nyuma yao ukasikika mlio wa cheni kavu. Naima aliwapita akiwa amevaa kanga juu ya suruali, trei tupu zikigongana kwenye keria, akawaamkia mmoja mmoja, akaendelea kupanda.

Edmund alimfuata mpaka kwa mjomba wake. Alieleza kwamba mwezi wa nane kungekuwa na mbio Iringa, kutoka mjini hadi Kalenga na kurudi, mara mbili, na wasichana watatu wa kwanza wangechukuliwa kambini Arusha kwa miaka miwili, walishwe, wafundishwe, wapelekwe nje kushindana. Sharti ni kuwa chini ya miaka ishirini na tatu. Naima alikuwa na ishirini na mbili. Mwaka ujao angekuwa amepita.

"Miguu anayo," Edmund alisema. "Anachokosa ni baiskeli. Na wewe fundi unayo moja chumbani ambayo nchi hii sijui kama ziko tano."

Isihaka alicheka kidogo, akasema bado.

Siku ya pili Naima mwenyewe alimjia kibandani. Hakuwa mtu wa kuomba, hata viatu vya shule alikuwa akisubiri mpaka Chiku avione vimetoboka. Alisimama, akaushika ukingo wa benchi.

"Mjomba, ile nyeupe itakuwa tayari mwezi wa nane?"

"Bado," alisema Isihaka. "Breki ya nyuma inasubiri kipuri kutoka Dar."

"Sawa, mjomba."

Breki ya nyuma ilikuwa imefungwa tangu mwezi wa nne. Hapakuwa na kipuri chochote kilichosubiriwa. Siku aliyoikamilisha, Isihaka aliipiga picha akamtumia Mansoor peke yake, si kikundi kizima, kama mtu anayemwonyesha mchumba wake kwa mzazi kabla ya watu wengine. Kisha akaipanda uani, akazunguka kisima mara mbili, akaifuta tairi, akairudisha chumbani. Zaidi ya hapo ilikuwa haijakanyaga barabara.

Alijiambia kwamba barabara ya Kalenga ina mashimo. Alijiambia kwamba msichana aliyezoea chuma atashindwa kuitawala baiskeli nyepesi vile, ataanguka, naye ndiye atakayelaumiwa. Yote hayo yangeweza kuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo alilijua vizuri na hakutaka kulitazama: hakuweza kuvumilia kwamba mtu wa kwanza kuipandisha mlimani baiskeli ile awe mwingine, hata akiwa Naima. Kwa miaka kumi na mmoja, kila alipofumba macho, aliyekuwa juu yake ni yeye, na goti lilikuwa zima.

Basi akafanya kile alichokijua. Aliichukua baiskeli ya mayai, akaifumua yote. Alibadilisha cheni, akanyoosha rimu, akatengeneza gia tano kati ya sita zikashika, akaondoa keria na kila chuma kisichokuwa na kazi. Fundi mwingine asingeweza. Naima aliijaribu akamshukuru kwa mikono miwili, na Isihaka akahisi amelipa.

Wiki moja kabla ya mbio Mansoor alipiga simu. Kikundi kilikuwa kimeamua kuweka turubai pale mbio zinapoishia, wanachama walete baiskeli zao, watu wazione, ipigiwe kura iliyo nzuri kuliko zote. Mansoor alisema kwa umri wake hajui kama angepata tena nafasi ya kuiona nyeupe kwa macho. Isihaka alisema angefikiri, lakini moyoni alikuwa amekwisha kukubali kabla simu haijakatwa.

Naima alimkuta chumbani akiifunga kwa mablanketi.

"Kipuri kimefika?"

"Kimefika juzi. Lakini haijajaribiwa, mama. Siwezi kukupandisha kwenye kitu ambacho hakijajaribiwa. Naipeleka tu waione."

Naima aliitazama baiskeli muda mfupi. Kisha akainama, akashika ncha moja ya kamba, akamsaidia kufunga.

Walisafiri basi moja, nyeupe na ya mayai zikiwa zimelazwa pamoja kwenye buti.

Siku ya mbio Iringa iliamka na upepo wa baridi. Isihaka hakuziona mbio zenyewe. Alikuwa chini ya turubai, juu ya kilima, akijibu maswali. Watu walikuja kwa makundi, walimu, maaskari, madereva wa malori waliokuwa wameegesha, akina mama wenye vikapu. Waliinama, wakaomba kuinyanyua kwa kidole, wakacheka kwa mshangao. Kartik alipiga picha mpaka simu ikazima. Mansoor aliletwa na binti yake Taslim, akaketi kwenye kiti mbele ya nyeupe, akaipapasa fremu yote, na machozi yakamlengalenga. Isihaka hakumbuki siku nyingine katika maisha yake aliyojisikia vile.

Yaliyotokea barabarani alikuja kusimuliwa na Edmund, aliyekuwa akifuata kwa pikipiki. Mzunguko wa kwanza Naima alishuka Kalenga wa sita, akarudi wa pili. Mzunguko wa pili, walipogeuka Kalenga, alikuwa anaongoza. Watu wa kijiji walikuwa wamejipanga kando wakimwita dada, wakimpigia makofi, na Edmund alisema uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayepeleka mayai. Kisha mlima wa kurudi mjini ukaanza. Wenzake watatu walikuwa na baiskeli za klabu kubwa, nyepesi, zenye gia za mlima. Naima alitafuta gia ya chini, akaikosa, kwa sababu ilikuwa ndiyo ile moja kati ya sita ambayo hata Isihaka ilimshinda. Akasimama juu ya pedali, akaisukuma ile baiskeli ya chuma kwa mwili wake wote. Wa kwanza alimpita katikati ya mlima. Wa pili alimpita karibu na juu. Wa tatu alikuwa naye bega kwa bega hadi mita za mwisho.

Sehemu hiyo Isihaka aliiona. Zogo lilimtoa kwenye turubai, akasimama kando ya barabara, akawaona wawili wakija. Naima alikuwa ameinamia usukani, mdomo wazi, baiskeli ikiyumba chini yake kulia na kushoto. Mwenzake aliinua tu kidole akabadilisha gia, na baiskeli yake ikaruka mbele. Tofauti ilikuwa gurudumu moja.

Naima akawa wa nne.

Hakuanguka chini kama wengine. Aliisukuma baiskeli polepole mpaka kwenye turubai, kwa kuwa ndipo begi lake lilipokuwa. Nyeupe ilikuwa imesimama katikati, na juu ya usukani wake walikuwa wamebandika karatasi: *Nafasi ya kwanza. Fundi Isihaka, Mbeya.* Mansoor, ambaye hakuwa akimjua binti huyo ni nani, alimpa maji na kumpongeza, akasema hajaona mtu akipanda kilima vile kwa chuma. Akauliza ametoka wapi.

"Mbeya. Huyu ni mjomba wangu."

Mzee alimtazama Isihaka, akaitazama nyeupe, akamtazama tena. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mzee aliyeshangaa, na akasema kile alichokijua.

"Mbona hukumpa hii? Si ilikuwa tayari tangu mwezi wa nne? Uliponitumia picha uliniambia hata breki umemaliza."

Taslim alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Naima alikunywa maji yake hadi mwisho, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, akamwambia mzee asante. Kisha akafungua begi, akatoa sweta, akavaa. Hakumtazama mjomba wake. Walirudi Mbeya basi moja, viti viwili jirani, na njia yote, Mafinga, Makambako, Chimala, alilala au alijifanya amelala.

Nyumbani hakununa. Aliamka kama kawaida, akaamkia, akafunga trei zake, akasambaza mayai, akarudi, akapika zamu yake. Ila hakupita tena kibandani. Tairi ikipata pancha aliipeleka kwa Gerson, fundi wa upande wa pili wa soko. Watu wakamuuliza Isihaka kulikoni, naye akasema hajui.

Chiku alikuwa ameyasikia yote kwa Edmund. Siku ya tano baada ya mbio, Isihaka akiwa anakula, alimwambia bila kupandisha sauti:

"Umemlea miaka kumi na mitatu. Siku moja tu aliyokuhitaji kweli, ukamdanganya kwa ajili ya kitu usichokipanda."

Alitoa sanduku lake la nguo uvunguni, akalihamishia chumba cha Naima, na yeye mwenyewe akahamia huko. Hakurudi.

Mwezi wa kumi Naima aliaga. Taslim alikuwa amempigia simu, alihitaji mtu wa kuuza kwenye duka lake la vitenge pale Iringa. Alimshukuru mjomba wake kwa malezi, maneno ya heshima yaliyopangwa vizuri, kama mgeni anayeondoka. Isihaka alitaka kumwomba radhi palepale. Alishika mlango, akamwambia avae nguo nzito, Iringa kuna baridi.

Ilipita miezi minane. Nyeupe ilibaki chumbani, na Isihaka akalala nayo peke yake. Alijitoa kwenye kikundi cha simu. Wakati mwingine wapita njia waliomba kuionyeshwa, akasema haipo. Mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, bila kumwambia mtu isipokuwa Chiku, aliifunga tena mablanketi, akapanda basi la usiku.

Alimkuta Naima dukani, amenenepa kidogo, anapima kitenge kwa mteja. Alimwamkia vizuri, akamvutia kiti, akaagiza chai na maandazi, akamuuliza habari za Chiku. Mteja alipoondoka Isihaka alisimama, akafungua mablanketi pale mlangoni. Alisema aliyokuja kuyasema. Alisema alidanganya, kwamba ilikuwa wivu na si kitu kingine, kwamba haikuwa na kisingizio. Alisema baiskeli ni yake tangu leo.

Naima alisikiliza mpaka mwisho. Aliigusa siti kwa ncha za vidole, akaondoa mkono.

"Nashukuru umekuja, mjomba. Lakini irudishe."

"Ni yako."

"Niliihitaji mwaka jana. Sasa nikiipokea, itakuwa nimeipokea ili wewe upate usingizi." Alisema bila hasira, kama anayeeleza bei. "Mimi sikimbii tena. Ile ya mayai niliiuza. Miaka ishirini na mitatu nimetimiza Desemba."

Isihaka alisema mbio si kambi tu, angeweza kuendesha kwa ajili ya afya, kwa ajili ya furaha. Naima akatabasamu kwa adabu, akamkumbusha kwamba chai inapoa. Mwanamke mmoja aliingia akasema kamwene, salamu ya Kihehe, na Naima akamwitikia, akaenda kumhudumia. Isihaka alikunywa chai. Ilipokwisha, hapakuwa na cha kufanya pale.

Basi la kurudi lilikuwa la mchana, na saa nne ilikuwa haijatimia. Alisimama kando ya barabara na nyeupe mkononi. Hakukusudia kwenda popote. Lakini alipanda, akaiacha ishuke, ikashuka naye hadi Kalenga kwa ulaini ambao hakuwahi kuuhisi maishani. Mashimo yalikuwepo, na baiskeli ikayapita kama maji. Kijijini aligeuza pale ambapo wasichana waligeuza.

Kisha akaanza kupanda. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti bovu, viatu vya ngozi, na miaka mingi hakuwa ameendesha zaidi ya kufika sokoni. Alitegemea kushuka na kusukuma. Akaigusa gia kwa kidole kimoja, ikaingia bila mlio. Akaigusa tena. Baiskeli ikapanda. Goti liliuma, pumzi ikakatika, lakini baiskeli iliendelea kupanda, bila kubembelezwa, kila alichoipa ikakirudisha chote barabarani. Alifika pale ambapo wa kwanza alimpita Naima, kisha pale ambapo wa pili alimpita. Alijua kwa ufundi wake wote, kama anavyojua tairi kwa kuibonyeza, kwamba mtu mwenye miguu ya Naima juu ya kitu hiki asingekamatwa na yeyote. Wala isingekuwa suala la gurudumu moja. Angewaacha wenzake mbali, akafika juu akiwa peke yake, mwenye nafasi hata ya kugeuka kutazama nyuma.

Kabla ya kilele alishuka. Akaketi kwenye nyasi kando ya barabara, nyeupe imelala pembeni yake, na akalia kwa sauti, mtu mzima, malori yakipita. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama akamuuliza kama ameanguka. Alisema hapana, hajaanguka.

Alifika Soweto giza likianza kuingia. Chiku alikuwa uani, anapepeta mchele. Aliiona baiskeli ndani ya mablanketi begani mwa mumewe, akajua.

"Amekataa?"

"Amekataa."

Chiku alitikisa ungo, akapuliza makapi, akaendelea kupepeta. Baadaye alimwekea chakula mezani, akamletea maji ya kunawa, akaingia chumba cha Naima akafunga mlango.